Bodi ya Kamati

Ukiishi nyumba ya kupanga Dar na una kajambo kako ka umeme umeme, kafanyie chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kangu kalivuja kwa Juma wa bodaboda, na Juma hajawahi kumaliza jioni akiwa na siri tumboni.

Wazo lenyewe lilikuwa dogo tu. Tuna tanki la lita 1000 pale uani Tabata, mtu anawasha pampu analala, maji yanamwagika mpaka kwa jirani, LUKU inakimbia, asubuhi ukiuliza hakuna aliyewasha. Nikasema nachora bodi yangu mwenyewe ya saketi: chipu ya ESP32, ndo ubongo wake, sababu ina WiFi na Bluetooth humohumo, rilei moja ya kukata pampu, waya za kusoma maji yamefika wapi, na mlango wa umeme wa 12V wenye diodi ya kinga, yani ukigeuza nyaya umeme unagoma kupita. Basi.

Jioni nakuta kamati ishakaa kibarazani.

Mama Shani mwenye nyumba, anachambua mchele kwenye ungo, akaanza yeye: "Mwanangu, mi nataka alam. Si hivyo vya kulia pii pii, nataka nikiwa sokoni nisikie." Dada Neema akataka tundu la Type-C, haya, nikaongeza na vile virizista viwili vya 5.1k, maana usipoviweka ukachomeka waya wa C kwa C chaja inakuangalia tu. Juma akataka taa za rangi. Taa za rangi kwenye tanki la maji, sijui wacheze samaki gani! Akasikia kuna pini zimebaki, ya 34 na ya 35, akazing'ang'ania, ikabidi nimweleze hizo kwenye ESP32 ni za kupokea tu hazitoi kitu, Mama Shani akadakia, "Kumbe kama wewe Juma siku ya hela ya maji," kibaraza kizima hoi.

Nafasi kwenye bodi ikaisha. Hapo fundi redio wa mtaani, ambaye hata hakualikwa alikuja kuomba kiberiti, akanyooshea kidole diodi yangu. "Hii ya nini sasa? Inakula volti 0.7 bure. Kwani we hujui chanya na hasi?" Nikajitetea weee, nikawaambia basi tuweke hata mosfeti, kaswichi ka umeme, inafanya kazi hiyohiyo na volti hailiwi kihivyo, wapi. Kura zikapigwa, nikapata moja, ya kwangu. Diodi ikatoka, spika ya Mama Shani ikaingia.

Bodi zikaja kutoka China, 5, kule viwanda vingi oda ndo inaanzia hapo hata kama shida yako ni moja, vifaa nikakusanya Kariakoo, nikachomelea usiku. Siku ya kuwasha, umeme si ukakatika! Juma: "Betri ya pikipiki si ipo, 12V hiyohiyo." Akaileta, waya zote mbili nyeusi eti fundi wake alikosa nyekundu. Chanya ipi? "Wa kushoto bro, betri yangu naijua." Kushoto kwake au kwangu, maana tulikuwa tumeangaliana. Nikaingia ndani kuchukua mita, natoka jamaa ashachomeka.

Ile kapasita kubwa ya mlangoni, kakopo ka kutunza umeme, mikrofaradi 1000, ina mkebe umechanjwa msalaba kichwani ili ikizidiwa au ikigeuziwa nyaya ipasukie hapo. Nikauona ule msalaba unavimba, nikasema Juma chomo... PAAA! Moshi mweupe, harufu inakaba koo, vikaratasi vya ndani yake vimelowa vikaruka juu mpaka usawa wa bati vikashuka taratiiibu kwenye ungo wa mchele. ESP32 marehemu. Fundi redio sikumwona tena, na kiberiti chetu kaondoka nacho.

Mama Shani akatoa kikaratasi kimoja kwenye mchele, akakigeuza geuza, akanitazama.

"Alam nimeisikia, baba. Sauti nimeipenda, ila huo moshi uutoe."