Vinamasi vya Moshi Vijijini: mstari wa ramani upite wapi?

Kila masika maji yanapoingia majumbani uwanda wa chini wa Moshi, hoja huibuka upya: maziwa, mabwawa, chemchemi na vinamasi vyote vipimwe na kuwekwa kwenye ramani moja. Naiunga mkono hoja hiyo. Ila ramani ikichorwa kwa pupa itawaumiza watu walewale wanaotunza maji hayo.

Haja yenyewe iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Sasa chukua bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 na kulishwa na mito Kikuletwa na Ruvu. Maji yake hupanda na kushuka, na uwanda ule ni tambarare, kwa hiyo kina kikipungua kidogo tu, ukingo unasogea mbali. Mita 60 zianzie wapi, kwenye ukingo wa Mei au wa Oktoba? Pasipo ramani, jibu analo dalali, na dalali huleta wateja kiangazi.

Nenda Kahe, kwenye uwanda huohuo wa chini, mwezi Septemba uone. Udongo mweusi umepasuka nyufa za kupitisha kiganja, nyayo za ng'ombe zimekaukia palepale walipokanyaga tope, na kwenye shina la mgunga kuna alama ya matope kimo cha goti. Mnunuzi kutoka mjini haitazami alama ile. Anaona eneo tambarare karibu na barabara, bei nafuu, analipa.

Wanaosita nao wana hoja nzito, na wengi wao si wavunja sheria. Ni wakulima wanaopanda mahindi na maharage kwenye unyevu unaoachwa na maji, wafugaji wanaoshusha mifugo huko malisho yanapoisha kwingine, na akina mama wanaokata matete. Wanajua kwamba sehemu ikishaandikwa ardhioevu, hatua inayofuata mara nyingi ni bango la makatazo. Ramani haionyeshi nani analima pale kati ya Julai na Oktoba. Inaonyesha rangi ya buluu, na kwa ofisa aliye mbali, buluu maana yake hapana mtu.

Tena picha za setilaiti, ambazo ndizo njia ya bei nafuu, zina mipaka yake. Setilaiti za Landsat huona ardhi kwa vipande vya mita 30 na zile za Sentinel-2 kwa mita 10. Chemchemi ndogo inamezwa humo. Masika, maji yanapotanda kuliko wakati wowote, ndipo mawingu ya Kilimanjaro yanapofunika. Ziwa Jipe ni mtihani mwingine: magugu yamelivamia kiasi kwamba kutoka angani sehemu ya ziwa inafanana na nchi kavu. Rada husaidia kupenya mawingu, lakini lazima mtu ashuke chini, aingie majini, aulize wenyeji.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mistari miwili: ukomo wa maji ya masika na ukomo wa kiangazi. Ndani ya mstari wa kiangazi, ulinzi uwe mkali. Kati ya mistari hiyo, nyumba zikatazwe kabisa, lakini kilimo cha msimu na malisho viandikwe kwenye ramani yenyewe, kwa majina ambayo kijiji kinayatumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 tayari inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya matumizi ya pamoja. Ramani isianze kutumika kabla ya kubandikwa ofisi ya kijiji na kujadiliwa hapo. Itachelewesha kazi, ndiyo, na wapimaji watalalamika. Bora kuchelewa kuliko kupata mpaka ambao hakuna anayeukubali.

Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi, na ndiyo inayofaa kushika usukani pamoja na halmashauri. Waanzie Kahe na kingo za Nyumba ya Mungu, ambako ardhi inauzwa. Mifongo, yaani mifereji ya maji ya kienyeji, ya juu mlimani inaweza kusubiri. Kule kila mfereji una wenyewe wanaoujua na kuulinda.