Msimsingizie jogoo, jinsia ya kifaranga inatoka kwa tetea

Jirani yangu juzi kauza jogoo wake mwekundu, mkubwa, mkia umepinda kama mundu, eti kwa sababu "anazalisha majogoo tu". Iliniuma kwa kweli. Jogoo hana kosa jamani, kwa binadamu ndo baba anayebeba kromosomu X na Y, yani nyuzi za urithi zinazoamua jinsia, kwa ndege ni kinyume, jogoo ana Z mbili, tetea ana Z moja na W moja, kwa hiyo yai likibeba W anatoka tetea, likibeba Z anatoka jogoo, na hilo linaamuliwa ndani ya mama kabla mbegu haijaligusa yai. Na yeye hachagui, ni nusu kwa nusu. Yale mambo ya yai lenye ncha kutoa jogoo na la duara kutoa tetea achaneni nayo.

Mi niliona kwa macho nilipopandisha jogoo mweusi kwa tetea wa Plymouth Rock, wale wenye milia. Vifaranga wakaanguliwa weusi wote, ila wengine wana doa jeupe utosini, kama mtu kawagusa na kidole chenye unga. Wenye doa wakawa majogoo, wasio na doa matetea. Jeni ya milia imekaa kwenye Z, mama anampa mwanawe wa kiume, binti anapewa W na W haina hiyo jeni.

Kwa nini haina? Hapa ndo pananikosesha usingizi. Kromosomu za jozi moja huwa zinabadilishana vipande, ndo rikombinesheni, inasaidia jeni nzuri zisife pamoja na mbovu zilizokaa nazo. Z mbili za jogoo zinabadilishana kama kawaida. Z na W za tetea ziliacha polepole, mamilioni mengi ya miaka yaliyopita, zimebaki kushikana kwenye ncha ndogo tu, basi W ikabaki peke yake, hitilafu zikarundikana, jeni zikapotea mpaka leo ina makumi tu wakati Z ina mamia. Wanaoiita takataka nawapinga kabisa, nyingi kati ya zilizobaki ni zile ambazo mwili unahitaji nakala mbili, zikipungua mambo yanaharibika.

Halafu kuna mbuni, huyuhuyu wa Serengeti. Kwake Z na W bado zinakaribiana ukubwa na zinabadilishana vipande kwenye zaidi ya nusu ya urefu. Yani hatua ambayo kuku aliipita zamani sana, mbuni bado yupo hapo!

Sasa mtoto anamaliza fom foo anajua X na Y tu, na nyumbani kwao kuku wamejaa uani. Hiyo siikubali, mwalimu akipata tetea mmoja wa milia na jogoo mweusi, siku 21 tu somo limeanguliwa.

Kesho nampelekea jirani vifaranga wawili, mmoja ana doa mwingine hana, nimweleze palepale bandani.