PhD haikufundishi kufundisha

Juzi tu mwanafunzi alikuwa amekaa kwenye vile viti vya nyuma anachati, leo kaanza masters anaambiwa akafundishe tyutoria, kile kipindi cha kikundi kidogo, ya mwaka wa kwanza saa nane, chumba kile pale, maka peni hii hapa, haya nenda. Hakuna aliyemuonyesha inafanywaje. Ukiuliza unajibiwa "atazoea tu", na kweli atazoea, ila atazoea nini sasa? Atazoea kusoma slaidi kageuka ukutani, atazoea kuuliza "mmeelewa?" watu wakanyamaza naye akaendelea, halafu miaka kumi mbele anaitwa daktari na bado anafundisha vilevile, maana hakuna mtu aliyewahi kukaa nyuma ya darasa lake akamwambia hapa bana umetupoteza.

Vyuo vingi siku hizi vimeshtuka kidogo, vinawaandalia hawa semina ya kufundisha. Nusu siku, anakuja mtu anaongea vizuri kwelikweli, anawaambia jiamini, angalia watu machoni, usiweke mikono mfukoni, chai, cheti, kila mtu kwake. Mi sina ugomvi na chai. Ila kujiamini sio tatizo la watu hawa, nimeona wanaojiamini mno na darasa zima halijaambulia kitu. Tatizo ni kwamba mtu aliyezama kwenye mada miaka mitatu minne hawezi tena kusikia anavyosikika kwa asiyeijua. Elizabeth Newton alilionyesha hili vizuri sana Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani mwaka 1990, kwenye utafiti wake wa PhD wala sio kitu kikubwa, aliwaambia watu wagonge meza kwa vidole wimbo ambao kila mtu anaujua na mwingine abahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walidhani karibu nusu zitatambulika. Nyimbo 120 ziligongwa, zikatambulika 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani na ala zake zote, wewe unasikia ko ko ko. Sasa mtu wa hivyo ukimwambia ajiamini zaidi si atagonga kwa nguvu zaidi tu?

Dawa yake ipo na ni ya zamani. Mwaka 1963 hapohapo Stanford, Dwight Allen na wenzake walianza kuwafundisha walimu wapya kwa vipande vidogo: unafundisha somo la dakika chache mbele ya watu wachache, unarekodiwa, unajitazama, mnajadili, halafu unalifundisha tena lilelile. Hicho cha mwisho ndo kila mtu anakiruka, mrejesho watu watapewa, hata fomu watajaziwa, ila nafasi ya kurudia kesho yake hawapati, na mrejesho usio na marudio ni umbea tu.

Mi nilishakaa kwenye kikao kimoja cha namna hii, kikundi kimechanganywa makusudi, wa historia, wa uhandisi, wa sheria, na sharti ni moja, ukisikia neno hulijui unanyoosha mkono na hauushushi mpaka uelewe. Kasimama jamaa wa biolojia, sentensi ya kwanza tu ana "apoptosisi", mikono juu. Akarekebisha, "yaani kifo cha seli kilichoprogramiwa", mikono ikabaki palepale, wa sheria akauliza kimeprogramiwa na nani? Jamaa kakwama, unamuona kabisa anatafuta neno lingine la kitaalamu la kuelezea lile la kwanza. Mwishowe akaangalia kiganja chake akasema, mtoto akiwa tumboni vidole vyake vinaanza vikiwa vimeungana kwa utando, halafu seli za katikati zinakufa zenyewe kwa utaratibu ndo vidole vinaachana, hiyo ndo naisoma mimi, nataka kujua seli inajuaje kwamba zamu yake imefika. Mikono yote chini, na maswali yakaanza, maswali ya kweli sio yale ya kumsaidia mtu amalize.

Hapo hakuna aliyemfundisha kusimama wala kupumua.

Kuna watu watasema si tuna yale mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika 3, yale yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, slaidi moja basi. Nayapenda, na yanamlazimisha mtu akate mafuta yote. Lakini kuhutubia na kufundisha ni vitu viwili, unaweza ukapigiwa makofi ukumbi mzima na hakuna aliyejifunza chochote. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za madarasa ya sayansi, uhandisi na hesabu, wakakuta wanafunzi wanaosikiliza lekcha tu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko wale wanaofanyishwa kazi humohumo darasani. Kwahiyo nusu ya mafunzo inatakiwa iwe ni namna ya kunyamaza! Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima walimu wakiuliza swali wanasubiri muda gani, akakuta kama sekunde 1 hivi alafu wanajijibu wenyewe au wanamrukia mwingine, na wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu na wanaojibu wanaongezeka. Sekunde 3 zinaonekana kidogo ukizisoma hapa. Jaribu kusimama nazo mbele ya watu sitini wanakuangalia, ni ndefu balaa, ndo maana zinahitaji mazoezi.

Kikwazo kikubwa lakini ni masupavaiza, wale wahadhiri wanaosimamia tafiti za wanafunzi. Kwa wengi wao kila saa mwanafunzi anayotumia kuandaa somo imeibiwa kutoka maabara. Sasa mwaka 2011 kwenye jarida la Science, David Feldon na wenzake waliwalinganisha wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliofanya utafiti tu na waliofanya utafiti huku wanafundisha, na hao wa pili ndo waliopiga hatua zaidi kwenye kutunga haipothesisi, yaani dhana ya kwenda kuipima, na kupanga majaribio. Mi haikunishangaza, mtu anayeulizwa na mtoto wa mwaka wa kwanza "kwanini hamkupima na kitu kingine?" hata akirudi maabara swali linamfuata.

Kwahiyo mafunzo haya ya kufundisha yawe kozi, yawe na krediti, yawekwe kwenye ratiba mchana kweupe sio Jumamosi, na wanaofundisha walipwe muda wa maandalizi pia sio zile saa za darasani tu. Kuhusu kurekodiwa, najua watu wanaogopa na wana haki, hakuna anayependa kusikia sauti yake. Video iwe ya mwenyewe, isitolewe maksi, isiingie kwenye faili la idara wala simu ya supavaiza, akitaka kuifuta aifute, ila akishaitazama.