Vimpira vya W123 vimewakosea nini?

Mafundi, hivi vile vimpira vyembamba vinavyopitisha mvuto wa hewa (vacuum) kwenye Mercedes W123, zile Benzi za zamani, vimewakosea nini? Nimefungua mlango wa hii 240D, W123 ya dizeli ninayoifufua, nikakuta kimpira kimekatwa, kimechomekwa skrubu na kufungwa kwa waya wa umeme. Na mtu alilipwa hela kwa kazi hiyo!

Gari hii haikuundwa kwa kubahatisha. Loki za milango zinaendeshwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye pampu ya injini, na mvuto huohuo ndio unaozima dizeli ukizungusha ufunguo. Ukivuja mlangoni, injini inaweza kugoma kuzimika. Mwenye gari anaambiwa "pampu imekufa, nunua nyingine", kumbe kinachovuja ni kiungio cha mpira cha bei ya chai. Inaniuma sana.

Tena gari hizi zilizinduliwa 1976, zikatengenezwa zaidi ya milioni 2.6, na vipuri vyake vingi bado vinauzwa vipya. Kisingizio cha "spea hazipo tena" sikikubali kabisa. Kama mfumo huujui, sema huujui, aitwe anayeujua. Plaizi weka chini.