Sinki la Twiga

Mimi ni fundi bomba, nina urefu wa sentimita 184, na sinki la zamani la nyumbani kwetu lilikuwa na ukingo wa sentimita 79 kutoka sakafuni. Kila asubuhi nilipiga mswaki nimejikunja kama ndoana. Nikimaliza, nanyooka kwa awamu.

Hapa Tanga nimewatengenezea watu mabafu ya kupigia picha, huku la kwangu likibaki na sinki la mguu mmoja lenye ufa uliozibwa kwa saruji nyeupe. Mama watoto alivumilia mpaka siku aliponiita "fundi". Jina hilo hulitumia akiwa na hasira tu. Nikajua mganga anatakiwa ajigange.

Mpango ulikuwa kabati la kuning'inia ukutani, juu yake meza ya graniti ya milimita 20, na juu ya meza bakuli la kauri, lile la kukaa kama sufuria, si la kuzama ndani. Kimo cha bakuli ni sentimita 14. Shikilia hiyo 14, maana mimi sikuishikilia.

Kimo cha sinki nakijua kama ninavyojua jina langu. Mtu avue viatu, asimame wima, akunje mkono, apimwe kutoka kiwikoni mpaka sakafuni, kisha utoe sentimita 15 mpaka 20. Pale ndipo ukingo unapotakiwa kuwa. Viganja vikikaa chini ya kiwiko, maji yanadondokea kwenye bakuli. Kiwiko kikiwa chini ya viganja, maji yanafuata mkono kurudi kwa mwenyewe. Kiwiko changu ni 114. Nikatoa 20, nikapata 94, nikapunguza 2 zaidi kwa ajili ya familia, nikajiona mkarimu kweli. Hata Marekani, ambako makabati ya bafuni ya zamani yalikuwa ya inchi 30 hadi 32, siku hizi wanapandisha mpaka 36 kwa jina la "kimo cha starehe", ambacho ni kama 91. Nikachana kipande cha mfuko wa saruji, nikaandika kwa penseli: 92.

Tisini na mbili ya nini? Karatasi haikusema.

Kazi ikaanza vizuri. Nikang'oa sinki la zamani, nikatoboa ukuta na kupandisha tundu la maji taka kutoka 50 hadi 64, kwa sababu kabati lililo juu linataka trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki, iliyo juu. Vali za kona nikaziweka 60. Nikachora mistari ya kabati ukutani kwa pima maji, nikatoboa, nikapiga fisha, vile vijiti vya plastiki vya kushika skrubu, nikafunga. Halafu ndipo nikabandika vigae vya sakafu juu ya vile vya zamani. Kigae milimita 8, gundi milimita 4: sakafu ikapanda sentimita 1.2, na kila nilichokuwa nimekipima kutoka chini kikapungua sentimita 1.2. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namfukuza mpaka kesho yake. Vipimo vya bafuni huhesabiwa kutoka sakafu iliyokamilika, si sakafu iliyopo. Lakini kosa hilo, kama utakavyoona, ndilo pekee lililokuwa upande wangu.

Bakuli lilikuwa bado chini ya kitanda, ndani ya boksi lake, limekaa huko miezi miwili tangu nilinunue kwa punguzo. Kitu cha kauri hufungwa mwisho, ili nyundo isikipate. Kwa hiyo kwa wiki nzima nilikuwa naitazama meza ya graniti iliyokaa karibu na 92, naweka mikono juu yake, najinyoosha, nasema: hapa sasa, hapa kweli.

Jioni ya mwisho umeme ukakatika. Wakati huohuo mama mkwe akaingia kutoka Pangani na kapu la madafu. Nikakimbia kufunga bakuli kwa tochi ya simu: kizibo na mpira wake, nati kwa chini, silikoni kuzunguka kitako. Niliona koki imekaa juu juu hivi. Nikadhani ni kivuli.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia sauti bafuni.

"Mkwe, umelala?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo uniambie, baba, hili sinki ni letu au la twiga?"

Nikamkuta ameinua mikono kama anayeomba mvua. Bakuli lilikuwa usawa wa kifua. Hapo ndipo hesabu iliponijia yote kwa pamoja: 92, ikatoka 1.2 ya vigae, ikaongezeka 14 ya bakuli. Sentimita 104.8. Mama mkwe ana urefu wa kama 150 na kiwiko chake kiko 94, kwa hiyo ukingo ulikuwa umempita kiwiko kwa karibu sentimita 11. Alipotia udhu, maji yaligusa viganja, yakateremka mpaka kwenye kiwiko kama sheria inavyotaka, halafu yakaendelea na safari: kwapani, ubavuni, kwenye dera.

"Mikono nimeiosha," akasema. "Miguu nimtume nani?"

Mtu mwenye akili angeomba radhi akaleta ndoo na kopo. Mimi nikasema, "Mama, hivi ndivyo vipimo vya kisasa." Halafu, ili kumwonyesha kwamba ni suala la kuzoea tu, nikakunja magoti mpaka nikalingana naye, nikafungua koki, nikanawa. Maji yakaingia kwenye mkono wa shati, yakatokea kwenye msuli. Niliposhtuka nikaegemea bakuli kwa kiwiko. Silikoni hutaka saa 24 kukauka, na ile ilikuwa na saa tisa. Bakuli likateleza upana wa kidole, mpira wa kizibo ukaachia, na ndani ya kabati kukaanza kudondoka: to, to, to.

"Hiyo nayo ya kisasa?" akauliza mama.

Baada ya chai na chapati, mama mkwe akachukua uongozi. Akaagiza kreti mbili za soda, vipande vya mbao, beseni la plastiki, na fagio la mti mrefu. Vyote uani. Beseni likawekwa juu ya kreti, mbao zikawa za kuongeza na kupunguza kimo kidogo kidogo, na fagio likasimamishwa pembeni kama rula. Kila mtu anawe uso, si mikono peke yake, na anawe kwa sabuni, macho yakiwa yamefumbwa.

Nilitaka kucheka, lakini kusema kweli ni jaribio zuri kuliko fomula yangu. Mtu akijua anapimwa husimama kama askari wa gwaride. Akishafumba macho kwa povu, mwili unasema ukweli. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, beseni liko juu mno. Mgongo ukivunjika kiunoni, liko chini mno. Maji yakifika kiwikoni, juu mno, hakuna mjadala. Mama alikuwa anatazama, akiridhika anachora alama ya mkaa kwenye mti wa fagio.

Nikaja kupima zile alama kwa tepu. Mama mkwe 78, na akasema anaweza kupanda mpaka 84 bila kulowa. Mama watoto 84 hivyohivyo. Mimi 95. Kijana wetu wa miaka minane 65, ila huyo alikimbia na povu puani, na hata hivyo mtoto hapimiwi sinki. Mtoto huwekewa kigoda kipana cha sentimita 20, chenye mpira chini kisiteleze. Kigoda kinaondolewa akikua, ukuta hauondolewi.

"Basi tuchukue wastani," nikasema. "78, 84 na 95, inakuja karibu 86."

"Wastani haunawi uso," akasema mama.

Nikanyamaza, maana alikuwa sahihi. Nyumba yenye mrefu na mfupi haigawanywi katikati. Unaanza na mtu mzima mfupi anayetumia bafu kila siku, unapanda mpaka pale anapoanza kulalamika, unasimama hapo. Mrefu anaweza kutanua miguu na kujishusha sentimita kadhaa, ila mfupi hana pa kujipandishia. Tena mama alishaanza kuuliza kama siku za goti kuuma anaweza kunawa akiwa ameketi. Kwa hilo ipo hesabu ya kuaminika: viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kwa ajili ya watu wenye ulemavu vinataka ukingo usizidi inchi 34, yaani sentimita 86, na chini yake pawe na nafasi ya magoti ya inchi 27. Nafasi ya magoti kabati letu halina, lakini angalau 84 iko ndani ya mpaka. Mama watoto ndiye aliyefunga kikao: "Nani huosha hilo sinki?" Ikapita 84.

Sasa rudi nyuma na hesabu, safari hii kwa kuanzia juu. Ukingo 84, toa bakuli 14, meza iwe 70. Toa graniti 2, sehemu ya juu ya kabati iwe 68, kutoka sakafu mpya. Kabati likashuka karibu sentimita 21, na juu ya meza yakabaki matundu manne ya fisha kwenye vigae vipya vya ukuta, yananitazama. Nimeyafunika kwa kirafu cha miswaki. Kila mgeni anakisifia. Nashukuru tu.

Hozi za maji zilizokuwa zimenyooka sasa zikajikunja, na hozi ikijikunja maji ya koki yanakuwa kama ya mgonjwa. Nikabadilisha za sentimita 60 kwa za 30. Hilo dogo. Kubwa lilikuwa tundu la maji taka. Nililipandisha mwenyewe, kwa majivuno yangu, likakaa karibu 63 kutoka sakafu mpya. Sasa kizibo kilishuka sentimita 20 chini ya meza, trapu ikafuata, na mdomo wa kutokea wa trapu ukawa kwenye 45. Kati ya trapu na tundu, kilima cha sentimita 18.

Lipo bomba la mkunjo, lile la plastiki linalovutika kama kodiani. Wateja wangu nawakataza kulitumia. Mikunjo yake hukusanya nywele na sabuni, na halina mahali linaposhikiliwa. Nikalifunga usiku, mlango nimeukomea, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Na maji yalipita. Kitako cha bakuli bado kilikuwa juu ya tundu kwa sentimita kama 7, kwa hiyo yalisukumana yakapanda yakatoka, taratibu. Lakini trapu ya kawaida hubakiza maji ya sentimita 5 hadi 7.5 ya kuzuia harufu, na kila unaponawa yanasukumwa na mapya yanaingia. Yangu ilibakiza kisima kizima, na uchafu mzito haukuwa na nguvu ya kupanda. Siku ya kwanza sinki likawa linakoroma. Siku ya pili likanuka. Siku ya tatu kijana akajaza bakuli lote ili kuendesha boti ya karatasi, akavuta kizibo ghafla, na lile bomba likachomoka ukutani kama nyoka aliyekanyagwa. Ndani ya kabati mlikuwa na mataulo sita, yaliyofuliwa siku hiyo.

"Fundi!"

Nikavunja. Hapakuwa na njia nyingine. Nikatoa vigae vitatu ndani ya eneo la kabati, nikachimba ukuta kwa grainda na patasi mpaka nikakutana na bomba la inchi moja na nusu linaloshuka wima, nikalikata, nikageuza elibo mpya, kile kiungo cha kona, itokee kwenye 44, sentimita 1 chini ya mdomo wa trapu, ili maji yaende kwa kuteremka. Nikaziba, nikaacha gundi ya bomba ikauke, nikajaza bakuli na kulimwaga mara tano huku nimeshika karatasi ya chooni chini ya kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii.

Vile vigae vitatu vimefichwa na kabati. Cha nne, kilichokuwa nje kabisa ya kabati, usawa wa macho ya mtu aliyekaa chooni, kikapasuka kwa mtikisiko wa nyundo. Sikuwa na akiba. Nikaenda dukani na boksi tupu. Jina lilelile, ukubwa uleule, ila namba ya rangi pembeni ya boksi ilikuwa nyingine, na namba hiyo ikitofautiana vigae si ndugu tena. Kimekaa pale ukutani kama jino la bandia.

Mama mkwe alikaa wiki mbili, akatia udhu bila kulowa hata ukosi, akarudi Pangani. Mimi najishusha sentimita 10 kila asubuhi kwa kutanua miguu, kama golikipa anayesubiri penalti.

Juzi jirani alinipigia simu. Anabomoa bafu, anataka kabati na bakuli la juu kama la kwetu. Nikamwambia naweza kuja kupima Jumamosi.

"Hapana, fundi, wewe njoo ufunge tu," akasema. "Nilikuwa nauliza, mama anarudi lini na lile fagio?"