Nimeita Aya Moja, Imekuja na Ukoo

Jamani, hivi kosa langu ni lipi? Nimekopi aya moja kwenye waraka, tena fupi, nikaipesti kwenye barua pepe. Nimealika mgeni mmoja, kaja na mashangazi na magodoro: fonti yake, saizi yake, rangi yake, hadi weupe wa ukurasa alikotoka kaubeba mgongoni.

Juu nimeandika "Habari za asubuhi" kwa herufi zangu za kila siku. Chini yake aya imejitandaza kwa Times New Roman, kubwa, ya bluu. Bosi akifungua tu: "Hii umeitoa wapi?" Bosi, waraka niliuandika mimi! Haamini. Fonti imeshatoa ushahidi dhidi yangu.

Haya, narekebisha. Nachagua yote, nabadilisha fonti. Aya inatii, isipokuwa mstari wa mwisho. Huo mkaidi naukamata peke yake, unakubali, kutazama juu salamu imekuwa nene. Salamu nani kaigusa? Nafuta kila kitu, naandika neno jipya kwa vidole vyangu mwenyewe. Linatoka bluu.

Fundi wa kompyuta ofisini anasema eti ukikopi, kompyuta haiweki nakala moja. Inaweka kadhaa kwa mpigo: moja ya maandishi matupu, nyingine ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti, yenye mapambo yote, wakati mwingine na picha juu. Programu inayopokea ndiyo inayochagua, na kwa kawaida inachagua iliyopambwa zaidi. Kwa hiyo maandishi matupu yapo! Yamo humo humo! Ila kuna mtu ameamua hayanifai. Wale wataalamu wa kompyuta, kina Larry Tesler na Tim Mott, walipotuletea huu mtindo wa kukata na kubandika pale Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, miaka ya 1970, walitaka kumpunguzia mtu kazi. Mimi yangu imeongezeka.

Usiku ndiyo balaa. Skrini nimeiweka nyeusi kuyahurumia macho, na safari hii aya imekuja na herufi zake nyeusi kutoka kwenye waraka, bila ule weupe. Nyeusi juu ya nyeusi. Sioni kitu, nadhani haijaingia, napesti tena. Kwa mpokeaji, mwenye skrini nyeupe, inafika mara mbili, safi kabisa, kama msisitizo.

Halafu kuna huyu J. Mwenzangu mmoja barua zake zinaishia "Tukutane wiki ijayo J". J ipi sasa? Jumatatu? Jumanne? Siku tano kati ya saba zinaanza na J! Kumbe alikuwa anatabasamu. Aliandika nukta mbili na mabano, programu yake ikageuza kuwa uso unaocheka wa Wingdings, fonti yenye vipicha badala ya herufi, ambayo kicheko chake kinakaa kwenye herufi J. Ikifika mahali fonti hiyo haipo, kicheko kinakufa, J inabaki.

Dawa ipo, nimeambiwa: badala ya Ctrl+V, bonyeza Ctrl+Shift+V, yapestiwe maandishi matupu. Sawa. Lakini hebu nieleweshe hesabu hii: nikitaka mzigo wote, vidole viwili, nikitaka kidogo, vidole vitatu! Na kuna programu ukibonyeza hivyo inakutazama tu. Hapo unapitishia maandishi kwenye programu ya maandishi matupu kwanza yavuliwe kila kitu, ndipo uyakopi upya. Yanavuliwa kweli! Viungo vimekwenda, maneno mazito yamekuwa mepesi, na jedwali langu limeporomoka, majina huku, tarakimu kule. Mimi nilisema rangi iondoke. Nani alisema jedwali?

Basi nikalipanga jedwali upya, nikarudisha viungo kimoja kimoja, barua ikatoka fonti moja, saizi moja, nyeusi tii. Nikatuma. Bosi kaipenda, kaikopi, kaipesti kwenye barua yake, kaituma kwa ofisi nzima na jina langu chini.

Imefika ya kijani.