Nilitaka Vespa, Nikawa Bwana Afya

Sinywi, sichezi bao, na mpira niliuacha tangu presha ilipopanda. Kwa hiyo nilipotimiza miaka hamsini nikaanza kuleta habari za pikipiki ya Vespa mezani, mama watoto alinitazama, akashusha pumzi, akasema afadhali chuma, chuma hakiombi ada ya shule. Kauli hiyo aliifuta baada ya mwezi mmoja.

Lawama apewe marehemu baba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karani mjini, na alikuwa na Vespa rangi ya maziwa. Nilikuwa nasimama mbele yake pale kwenye sakafu bapa, magoti yake yamenibana huku na huku, funguo za ofisi zinanichoma mgongoni, upepo wote wa Barabara ya Morogoro unaishia mdomoni mwangu. Asubuhi kabla ya kuiwasha aliilaza kwanza ubavu, taratibu, kama anamlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Akasikilizia. Akaiinua, akapiga kiki moja. (Kiki ya mguu, si hizi za wasanii.) Moja tu. Mashine ikakohoa moshi wa bluu, naye akajifuta vidole kwa leso iliyopigwa pasi. Leso ile ndiyo iliyonigharimu.

Vespa yangu niliipata Magomeni, uani kwa mzee mmoja, iko chini ya mwembe, imevaa turubai na mavi ya kuku. Ilikuwa haijaguswa miaka kumi na tano. Mzee akaifunua kama anafunua shela.

"Hii, mwanangu, haijawahi kunilaza njiani."

"Nakuamini mzee. Ila shavu la kushoto silioni."

Vespa ina mashavu mawili nyuma. La kulia linafunika injini, na kwa hii yangu la kushoto linafunika tairi ya akiba. Mzee akaninyooshea kidole kwenye banda. Shavu lilikuwa limelazwa chali kama karai, limejazwa majani makavu, na ndani yake ameketi kuku, ananikazia jicho moja.

"Ameanza juzi kuatamia," mzee akasema. "Vespa chukua leo. Shavu lifuate akishatotoa. Kuku ni siku 21, toa mbili."

Nikalipa laki tatu na nusu, nikaipakia kwenye kirikuu. Siku ya kumi na tisa nilirudi, nikapewa shavu pamoja na kifaranga kimoja cha kunipoza. Kifaranga kile sasa ni jogoo, na katika mradi huu mzima ndicho kitu pekee kilichopanda thamani.

Ya spea sitaki kuyasimulia sana, presha. Kariakoo spea za bodaboda zimejaa mpaka barazani, lakini ukiulizia waya wa klachi wa Vespa muuzaji anakuangalia kama umeulizia nanga ya meli. Pistoni na ringi zilikuja kwa boti kutoka Unguja, ambako Vespa bado zinakatiza mitaani, zimefungwa kwenye gazeti kama sambusa. Fundi wangu, kijana wa Gerezani, alikuwa anakuja Jumamosi, anafungua kitu, anasikitika, anaomba hela. Usiku mimi nasoma kwenye simu. Nikajua kwamba Vespa ilianza Italia mwaka 1946, kwamba aliyeichora alikuwa mhandisi wa ndege asiyependa pikipiki kabisa, na kwamba jina lake kwa Kiitaliano ni nyigu. Jina lenyewe lilikuwa onyo, mimi nikaona ni ushairi.

Kiwanja changu cha Chanika bado kiko kwenye msingi, kwa hiyo haya yote yalikuwa yakifanyika uani Sinza, nyumba ya kupanga, wapangaji sita, choo kimoja, kamba za nguo nne. Mama mwenye nyumba yuko vyumba vya mbele.

Sasa siku yenyewe. Jumamosi ya mwezi wa tano, masika yanaishia, mbu Sinza wanakaba mpaka mchana. Fundi alikuwa amemaliza kila kitu jana yake, akaniachia agizo moja kwa simu: "Mzee baba, usisahau oili ya kuchanganya. Asilimia mbili." Injini ya Vespa ya zamani kama hii haina mahali pake pa oili ya pistoni, oili unaichanganya humo humo kwenye petroli. Mimi nikawaza, asilimia mbili? Mashine imekauka miaka kumi na tano, ina kiu, halafu tuipimie kama dawa ya kikohozi? Kwenye tangi kulikuwa na petroli lita tano. Nikamimina oili lita nzima. Nikatikisa. Nikafurahi.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya tano, kimya. Ya kumi na moja mguu ukateleza, kiki ikanirudi ugokoni nikaona nyota za miaka ile ile ya 1980. Ndipo nikakumbuka. Nikailaza ubavu taratibu, nikasikilizia, nikaiinua. Nikapiga.

Ikawaka. Machozi yakanilenga, nikadhani ni ya furaha.

Haikukohoa kama ya baba. Ilitapika. Moshi mweupe wenye ubluu, mzito kama uji wa mgonjwa, ukaanza kwa kumeza kamba za nguo, ukameza mlango wa choo, ukammeza jogoo, mwisho nikawa siioni hata Vespa ninayoishika. Nikaongeza mafuta kidogo ili usafishe bomba. Ukaongezeka.

Ndani ya ule moshi nikasikia sauti ya mtoto: "Wa mbu wamekujaaa! Funikeni vyakula!"

Elewa jambo moja. Tangu dengue, ile homa ya mbu, ya mwaka 2014, halafu ile ya 2019, mtu wa Dar akisikia mashine inanguruma na kuona moshi mzito anajua ni wapulizia dawa ya mbu, haulizi maswali. Anafunika sufuria, anabeba mtoto, anatoka. Milango sita ikafunguliwa kwa mpigo. Mashuka yakavutwa, magodoro yakaburutwa, mama wa genge akalalia vitumbua vyake kwa kifua. Mpangaji wa chumba cha nne, binti ambaye miaka mitatu hajawahi kuniamkia, akanitokea amejitanda khanga puani.

"Shikamoo baba. Naomba uanzie kwangu. Hasa chini ya kitanda."

Hapo mwenye akili zake angezima. Lakini nikizima nitawaambia nini? Kwamba mtu mzima na kazi yangu nimetumia milioni na ushee kutengeneza moshi?

"Marahaba," nikasema. "Sogeza ndoo."

Nikaiingiza Vespa koridoni. Chumba cha nne, cha tatu, cha pili, nasukuma, naongeza mafuta, nasukuma. Mama mwenye nyumba akapaza sauti kutoka barabarani kwamba sebule yake isisahaulike, yeye ndiye mwenye nyumba. Mjumbe naye alikwisha fika, anahoji mbona ofisi yake haikuletewa barua. "Mjumbe," nikamsikia mama akimjibu, "tukisubiri barua yako mbu watatunyonya mpaka uboho."

Sebuleni kwa mama mwenye nyumba, kwenye zulia, katikati ya makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, Vespa ikasema *pah!* ikazimika. Bomba likatema kitu cheusi kama asali mbovu. Kimetua juu ya vitambaa vinne. Nilivihesabu, kwa sababu baadaye nilivilipia.

Moshi ulipoanza kupungua, mlangoni alikuwa amesimama fundi wangu, amekuja kuchukua salio lake. Nyuma yake wapangaji, mjumbe, mama mwenye nyumba na mama watoto. Fundi hakunisalimia. Alikwenda madirishani, akayafungua yote, akafoka kwamba moshi huu ukikaa nao ndani unaua mtu kabla ya mbu. Kisha akachuchumaa, akafungua plagi, akaiinua watu waione. Imelowa, nyeusi, inachuruzika.

"Mzee baba. Uliweka oili kiasi gani?"

"Kiasi."

"Kiasi gani?"

"Lita."

"Kwa petroli lita ngapi?"

"Tano."

Fundi akafumba macho. "Asilimia mbili ya lita tano ni mililita mia. Mia! Vikombe viwili vya muuza kahawa. Wewe umeweka mara kumi." Akageuka kwa hadhira. "Kwani huyu mzee anafanya kazi gani?"

Mama watoto, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akajibu kwa upole:

"Mhasibu."

Walicheka mpaka mjumbe akakaa chini. Binti wa chumba cha nne tangu siku ile haniamkii tena. Magharibi mbu walirudi kwa idadi yao kamili, ingawa wawili watatu, naapa, walikuwa na kikohozi.

Vespa siku hizi inawaka kwa kiki tatu, moshi wake mwembamba tu, na naipeleka Mwenge na kurudi bila kusukuma, siku nyingi. Leso nimenunua. Kuipiga pasi ndiyo sijapata mtu.

Jumamosi iliyopita nikiwa naifuta, mtoto wa nyumba ya tatu akasimama getini.

"Shikamoo. Bibi ananituma. Anauliza, Bwana Afya anapulizia shilingi ngapi?"

Nikafungua mdomo nimweleze, taratibu, kuanzia Italia. Mama watoto akaniwahi kutoka jikoni.

"Mwambie uani elfu tano. Ndani hatuingii tena."